Nani Aliyempa Mewtwo Maneno?

Tarehe 18 Julai 1998 majumba ya sinema ya Japani yalianza kuonyesha filamu ndefu ya kwanza ya Pokémon. Tarehe 10 Novemba 1999 filamu hiyo ikafika Marekani. Picha zilikuwa karibu zilezile: kiumbe yuleyule wa kijivu mwenye macho makali, kisiwa kilekile, tufani ileile, na mtoto yuleyule mwenye kofia anayekimbia kuingia katikati ya mapigano na kugeuka jiwe. Muziki ulibadilishwa, na maneno yakabadilishwa. Basi mtoto wa Tokyo na mtoto wa Chicago walikaa mbele ya michoro ileile, lakini mmoja alitoka ukumbini na swali na mwenzake akatoka na fundisho. Nataka tuzungumze juu ya mtu aliyeandika maneno ya kwanza, Takeshi Shudo, kwa sababu maisha yake yanathibitisha jambo ambalo wengi hawalikubali: kwamba mwandishi wa filamu za katuni, hata anapoandika kwa agizo la kampuni inayouza vitu vya watoto, anaweza kuwa mtunzi kamili, mwenye hoja yake mwenyewe, na kazi yake inastahili kusomwa kwa makini kama tunavyosoma riwaya au tamthilia.

Ili tuelewane, tuanze na namna kazi hiyo inavyofanyika Japani. Katuni haianzi na mchoro, inaanza na mswada. Mwandishi huandika nani yuko wapi, anafanya nini, anasema nini. Mswada huo hujadiliwa na mwongozaji, watayarishaji, watu wa kituo cha televisheni na wadhamini, nao hurudishwa na kuandikwa upya mara kadhaa. Ukishapita, mwongozaji au msaidizi wake huugeuza kuwa michoro midogomidogo ya mpangilio wa matukio, kisha wachoraji huanza kazi, na mwishoni waigizaji huja kutia sauti. Katika mfululizo mrefu huwapo pia mtu mmoja mwenye dhamana ya hadithi nzima, anayeamua kipindi hiki kiseme nini na kile kiseme nini, na ambaye waandishi wengine humfuata. Cheo hicho ndicho alichokuwa nacho Shudo katika Pokémon tangu kipindi cha kwanza, Aprili 1997. Jina la mwenye kazi hiyo hupita kwenye skrini kwa sekunde chache wakati wimbo unapigwa, na watoto wanaimba.

Shudo alizaliwa Fukuoka, kusini mwa Japani, tarehe 18 Agosti 1949. Aliingia katika uandishi akiwa kijana mdogo, kwenye tamthilia ya televisheni ya enzi za masamurai, akakaa nje ya kazi hiyo kwa muda, kisha akarejea katikati ya miaka ya 1970 kuandikia mfululizo wa katuni za hadithi za kale za mataifa mbalimbali. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Hadithi ya kale haimpi mwandishi nafasi ya kujificha nyuma ya maelezo. Kuna mtu, kuna haja, kuna sharti, kuna adhabu au zawadi, na yote hayo husemwa kwa maneno ambayo mtoto wa miaka mitano anayaelewa na bibi yake hayamchoshi. Aliyefunzwa katika shule hiyo hujua kwamba sentensi nyepesi inaweza kubeba mzigo mzito. Mwaka 1981 akawa mwandishi mkuu wa GoShogun, mfululizo wa roboti kubwa la kivita, chini ya mwongozaji Kunihiko Yuyama. Wawili hao walifanya pamoja Minky Momo, na baadaye Pokémon.

Minky Momo ilianza kurushwa mwaka 1982. Ni hadithi ya binti wa mfalme kutoka nchi ya ndoto, iitwayo Fenarinarsa, ambayo imejitenga na dunia kwa sababu wanadamu wameacha kuota. Momo anatumwa duniani awarudishie watu ndoto zao. Ana uwezo wa kugeuka mtu mzima mwenye taaluma yoyote: leo muuguzi, kesho rubani, keshokutwa askari polisi. Mfululizo huo ulidhaminiwa na kampuni ya vitu vya kuchezea, na fimbo ya Momo na vikorokoro vyake viliuzwa madukani. Ikafika wakati mauzo hayakumridhisha mdhamini, na uamuzi wa kuufunga ukatolewa. Hapo mwandishi angeweza kufunga hadithi kwa furaha, mtoto akarudi kwao, watu wakapunga mikono. Shudo hakufanya hivyo. Momo anapoteza uwezo wake wa kichawi, na katika kipindi cha 46 anagongwa na lori barabarani na kufa. Lori lenyewe limesheheni vitu vya kuchezea.

Watu wengi wanaposimulia kisa hiki hukomea hapo, na kukiona kama kisasi cha mwandishi kwa mdhamini. Mimi naona tafsiri hiyo ni finyu. Ukiangalia kinachofuata utaona hoja iliyokuwa ikijengwa tangu mwanzo. Momo alikuwa akitimiza ndoto za wengine kwa uchawi, na kila alipofanya hivyo yeye mwenyewe alibaki bila ndoto yake, maana alikuwa kiumbe wa nchi ya ndoto na si mwanadamu. Baada ya kifo anachagua kuzaliwa upya duniani, mtoto wa kawaida wa wazazi walewale waliomlea, asiye na fimbo wala taji, ili apate kuota ndoto iliyo yake. Yaani katika kipindi kilichotengenezwa ili kuuza fimbo ya uchawi, mwandishi amesema kwamba fimbo haitoshi. Kisha mdhamini akabadili nia na mfululizo ukaendelezwa hadi vipindi 63. Mwandishi mwingine angemfufua msichana na kujifanya hakuna lililotokea, lakini Shudo aliifanya sehemu iliyoongezwa kuwa ndoto ya kile kitoto kilichozaliwa. Kifo kikabaki kifo, na agizo la kampuni likatimizwa. Huo ndio ufundi ninaousema: kutii agizo bila kukana ulichokwisha kukisema.

Mwaka 1985 yeye na Yuyama walitengeneza filamu inayotokana na GoShogun. Mtu akisikia kwamba filamu imetokana na mfululizo wa roboti hutegemea kuliona roboti. Katika filamu hii roboti halipo. Yupo Remy Shimada, mwanamke pekee katika kikosi cha zamani, sasa mzee, amelazwa hospitalini baada ya ajali ya gari, na wenzake wamekizunguka kitanda. Huku akikata roho, nafsi yake inatembea katika mji wa ajabu ambamo kila mmoja amekwisha kutangaziwa siku na namna ya kufa kwake, na yeye anakataa kukubali. Tunamwona pia akiwa mtoto, peke yake, ametumbukia shimoni akilia bila wa kumsikia. Ni filamu ya kifo, upweke na ukaidi wa kutaka kuishi, iliyotolewa kwa jina la katuni ya kivita. Ukiweka kando Pokémon yote, filamu hiyo peke yake ingetosha kumpa Shudo nafasi yake miongoni mwa watunzi.

Sasa tuje Pokémon. Mchezo wa kompyuta ulitoka mwaka 1996, na lengo la katuni lilikuwa wazi kwa kila mtu: kuupa mchezo huo maisha marefu. Ndani ya mchezo hakukuwa na hadithi ya kutosha. Kulikuwa na mtoto anayeondoka nyumbani, viumbe 151 wa kukamatwa, mashindano ya kushinda na genge la wahalifu. Shudo alipewa mifupa hiyo akaambiwa aivike nyama. Angalia alichofanya na genge. Musashi na Kojiro, ambao walioona toleo la Kiingereza wanawajua kwa majina ya Jessie na James, hawaingii kimyakimya kama wezi. Wanaingia kwa majigambo. Wanapokezana mistari yenye mizani kama watu wa tungo za kujibizana, wanajitangaza, wanajisifu, wanataja dhamira yao kubwa, halafu dakika chache baadaye wanarushwa angani. Majigambo hayo aliyaandika Shudo, na mtoto wa Kijapani wa miaka ile aliyajua kwa moyo kuliko mashairi ya darasani. Kwa kuyarudia kila wiki, mwandishi aliwageuza maadui kuwa watu unaowangoja. Nao wakawa kinyume cha mhusika mkuu kwa maana ya ndani: Satoshi, yule mtoto mwenye kofia, anataka kuwa bingwa na anasonga mbele, wao wanashindwa kila siku na kila siku wanasimama tena. Katika dunia inayohesabu washindi tu, wale watatu walisema jambo ambalo mchezo wa kompyuta haukuweza kulisema.

Nasema watatu kwa sababu ya Nyarth, au Meowth, yule paka anayesema lugha ya watu. Katika mchezo hasemi. Ndani ya katuni uwezo huo ungeweza kubaki kichekesho bila maelezo, na watazamaji wangeridhika. Lakini kuna kipindi kimoja, alichokiandika Shudo, kinachoeleza alivyoupata. Alikuwa paka wa mitaani, na njaa yake haikuwa na mwisho. Akampenda paka jike wa nyumba ya tajiri, naye akamwambia anawapenda wanadamu, maana wanadamu ndio wanaoweza kumpa vitu. Basi Nyarth akajifundisha kusimama kwa miguu miwili, akianguka na kuinuka. Akajifundisha herufi moja baada ya nyingine, akirudia sauti mpaka koo likauma. Alipokwenda kwa mpenziwe akatamka maneno, yule jike akamkataa kwa kinyaa: sasa wewe si paka wala si mtu. Na nguvu zake zote zilizokwenda kwenye lugha zilimnyima uwezo wa kujifunza mbinu za kupigana walizo nazo paka wenzake. Wasikilizaji, kila aliyewahi kujifunza lugha ya wakubwa ili apendwe, akakuta hapendwi huko alikokwenda na hatambuliki tena alikotoka, anaijua hadithi hiyo hata kama hajawahi kuiona. Ilirushwa saa za jioni kwa watoto wa shule ya msingi.

Tumerudi kwenye filamu tuliyoanza nayo. Mewtwo ni kiumbe aliyetengenezwa maabara kutokana na chembe za Mew, kiumbe wa kale. Anaamka ndani ya chupa kubwa ya maji na kuuliza: mimi ni nani, ni nani aliyetaka niwepo? Wataalamu wanashangilia mafanikio yao, hakuna anayemjibu. Bosi wa lile genge anamtumia kama silaha. Hatimaye anajenga ngome kisiwani, anawaita wafunzaji bora wa viumbe, anatengeneza nakala za viumbe wao, na kuamuru nakala na asili wapigane ijulikane nani ana haki ya kuitwa wa kweli. Mwaka 1997 dunia ilikuwa imetangaziwa kondoo aitwaye Dolly, aliyezaliwa kwa njia ya kunakiliwa, na magazeti yalijaa mijadala ya wakubwa. Mswada wa Shudo uliweka swali lilelile kinywani mwa kiumbe mwenyewe. Kabla filamu haijatoka aliandika pia mchezo wa redio uliorushwa kwa mafungu, ukisimulia kuzaliwa kwa Mewtwo na urafiki wake na mtoto wa kike, naye pia nakala, anayeyeyuka na kutoweka mbele yake. Sisi tunaoishi kwa sauti tunaweza kufahamu kwa nini alichagua redio. Kiumbe aliyefungwa gizani, ambaye hajajua ana umbo gani, anastahili kusikika kabla ya kuonekana.

Katika toleo la Kijapani, Mew anasema kwamba wa asili ndiye wa kweli, na kwamba bila nguvu za pekee, mwili kwa mwili, wa asili hawezi kushindwa na nakala. Maneno hayo ni makali, na yanatoka kwa kiumbe ambaye mtazamaji alitegemea awe mpole. Hivyo pande zote mbili zina kiburi: nakala inataka kuthibitisha kwamba ipo, na asili inakataa kuitambua. Mapigano yanageuka kuwa kupigana makofi mpaka wote waanguke. Nyarth na nakala yake peke yao ndio wasiopigana. Wamekaa bega kwa bega wakitazama mwezi. Satoshi anajitupa katikati, anakuwa jiwe, machozi ya viumbe wa pande zote yanamrudisha, na Mewtwo anaondoka na nakala wenzake bila kupewa jibu la swali lake. Anaondoka kwa sababu ameona kwamba wote wanaishi, wa asili na wa kunakiliwa, na hilo linamtosha kuendelea.

Watayarishaji wa toleo la Kiingereza waliona kwamba hadhira yao ilihitaji mstari ulionyooka kati ya wema na ubaya. Mewtwo akapewa maneno ya mtu anayetaka kuitawala dunia. Kauli ya Mew ikaondolewa ukali wake. Wahusika wakapewa mistari inayosema kupigana ni kubaya na kwamba tutazame yanayotuunganisha. Fundisho lenyewe halina ubaya, lakini linakaa vibaya katika mfululizo ambao kila kipindi chake ni shindano la viumbe kupigana, na hata mtoto anaweza kuuliza ikiwa kupigana ni kosa leo, jana kulikuwaje. Swali la asili halikuwa na mgongano huo, maana halikuhusu mapigano; lilihusu haki ya kiumbe kuwapo. Ndiyo maana naliita tukio hili ushahidi mkubwa kuliko wote. Michoro ilibaki karibu ileile, mwongozaji hakubadilika, kiumbe ana macho yaleyale. Yalibadilishwa maneno, na maana ya filamu ikahama. Anayesema katuni ni kazi ya mkono wa mchoraji tu, na mwandishi ni karani, atueleze maana hiyo ilikwenda wapi.

Mtu atanijibu kwamba filamu hiyo ya Kiingereza ilipata zaidi ya dola milioni 85 katika majumba ya sinema ya Amerika Kaskazini, kwa hiyo maneno ya Shudo hayakuhitajika. Fedha hizo ni kweli. Lakini zinapima watu wangapi waliingia, hazipimi walitoka na nini. Watoto wale walikuwa tayari wamempenda Pikachu, kiumbe rafiki wa Satoshi, kabla tiketi hazijauzwa, na walimpenda kutokana na mfululizo ambao hadithi yake iliongozwa na mtu huyohuyo tunayemzungumzia.

Hoja nzito zaidi ni ile ya ushirika. Itasemwa kwamba filamu ya katuni ni kazi ya mamia ya watu, na kwamba ninampa mtu mmoja sifa inayowapasa wengi. Kunihiko Yuyama alikuwapo katika kila kazi niliyoitaja kwa sifa; kwa nini isiwe hoja ni yake? Nakubali sehemu ya pingamizi hili. Bila Yuyama, ukimya wa filamu ya Remy usingekuwa na uzito ule, na bila waigizaji wa sauti yale majigambo yangekuwa wino tu. Lakini chukua kazi zote za Shudo uziweke mezani. Msichana wa ndoto anayetaka kuwa mwanadamu. Mwanamke anayekataa kufa kama alivyopangiwa. Paka aliyejigeuza kwa ajili ya mapenzi akabaki katikati. Nakala inayouliza kama nayo ina haki ya kuishi. Wote ni viumbe waliotengenezewa kazi na mtu mwingine, nao wanadai kuwa zaidi ya kazi hiyo. Pokémon imeendelea kwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka, Yuyama akiwa bado mwongozaji wa filamu zake kwa muda mrefu, na kuna zilizo nzuri kati ya hizo, ila swali lile halikurudi kwa ukali uleule. Ukimtoa mtu mmoja na kitu fulani kikatoweka, ni haki kusema kitu hicho kilikuwa chake.

Wapo pia watakaosema watoto hawaelewi mambo hayo, kwamba mwandishi alikuwa akijifurahisha kwa gharama ya mtoto aliyekuja kutazama viumbe wakirusha umeme. Nafikiri kinyume. Swali la Mewtwo ni la mtoto kabla halijawa la mwanafalsafa. Nilitoka wapi? Kwa nini mimi ni mimi, si ndugu yangu? Mama angempata mtoto mwingine, ningekuwa wapi? Mtoto huuliza hayo jikoni, tukamwambia anyamaze ale. Shudo hakuyapeleka maswali hayo kwa watoto kutoka vitabu vya wakubwa. Aliyachukua kwao na kuwarudishia kwa heshima. Na alikuwa mkali katika kufuata matokeo ya alichoandika. Katika vitabu viwili vya riwaya alivyoandika juu ya ulimwengu wa Pokémon aliuliza inakuwaje jamii ambayo mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kuondoka nyumbani peke yake, na akajibu kwamba ni jamii inayomhesabu huyo kuwa mtu mzima kisheria, na ambamo wengi huondoka wakashindwa na hawarudi. Baba yake Satoshi aliondoka hivyo. Kwenye televisheni tunaona mama anayepunga mkono. Katika riwaya tunajua kwa nini amezoea kupunga.

Pingamizi linalonisumbua kwa kweli ni la biashara, na silikwepi. Uzuri wote huu ulisaidia kuuza kadi, midoli na michezo kwa watoto ambao hawakuwa na fedha zao wenyewe. Je, mwandishi anayeweka roho ndani ya bidhaa hamfanyi mtoto aipende bidhaa zaidi? Anamfanya. Mfano wa wazi ni Lugia, ndege mkuu wa vilindi vya bahari katika filamu ya pili ya mwaka 1999. Lugia alibuniwa na Shudo kwa ajili ya hadithi ya filamu hiyo, akimfikiria kuwa na hulka ya mama. Miezi minne baada ya filamu kutoka, kiumbe huyo alikuwa kwenye jalada la mchezo mpya wa kompyuta, mali ya kampuni, anakamatwa kama wengine. Kilichobuniwa kwa ajili ya maana moja kikaenda kuuzwa bila maana hiyo. Siwezi kusema mwandishi alishinda hapo. Ninachoweza kusema ni kwamba bidhaa ingekuwapo pamoja naye au bila yeye. Mchezo ulikwisha kutangulia. Kilichokuwa mikononi mwake ni kama mtoto aliyekaa mbele ya bidhaa hiyo apewe kitu cha kufikiri au asipewe kitu. Alichagua kumpa. Kulaumu uchaguzi huo ni kuwaachia watoto wote waandikiwe na wasiojali.

Na uzio wa biashara hiyo ulikuwepo, naye aliugusa. Kwa filamu ya tatu alipendekeza hadithi ya mabaki ya mfupa wa dinosau anayeanza kutembea. Mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, asiye Pokémon, anatembea ndani ya ulimwengu ambao hauna wanyama wengine. Ni nini kinachomtembeza? Pendekezo hilo likakataliwa. Filamu ya mwaka 2000 ikawa nyingine, ya kiumbe Entei na mnara wa fuwele, nayo akaiandika pamoja na Hideki Sonoda. Baada ya hapo mkono wake unazidi kupungua, na baada ya 2002 hayupo tena katika mfululizo. Katika makala alizokuja kuandika baadaye kuhusu kazi yake, alieleza waziwazi juu ya pombe na uchovu wa miaka ile. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu. Kuandikia kipindi kinachorushwa kila wiki, kinachosimamiwa na makampuni kadhaa, na bado kutaka kila kipindi kiwe na jambo la kusema, ni kazi inayomla mtu.

Katika makala hizohizo alieleza mwisho aliokuwa ameufikiria. Mfululizo haukupangwa kuwa mrefu. Ulikusudiwa kwenda mwaka mmoja na nusu hivi, mpaka ligi ya mashindano. Mafanikio yakauzuia kufika mwisho. Mwisho wenyewe, kama alivyouwaza, ulikuwa hivi: viumbe wanaasi dhidi ya wanadamu wanaowakamata na kuwapiganisha, na Pikachu, rafiki wa karibu kuliko wote, anajikuta mbele ya maasi hayo, huku Satoshi akiwa upande wa watu. Mzozo unatafutiwa njia ya watu na viumbe kuishi pamoja. Halafu tunamwona Satoshi mzee, anakumbuka safari yake ya utotoni, viumbe aliokutana nao, marafiki, na yule paka msemaji. Ni mwisho unaoigeukia biashara yote na kuiuliza swali la Mewtwo: hawa mnaowakamata, mmewahi kuwauliza?

Takeshi Shudo alifariki mjini Nara tarehe 29 Oktoba 2010 kwa kuvuja damu kichwani, akiwa na umri wa miaka 61. Satoshi aliendelea kutembea kwenye televisheni bila yeye. Akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 2022, na tarehe 24 Machi 2023 kikarushwa kipindi chake cha mwisho, baada ya karibu miaka 26 ya safari. Alikuwa bado ana miaka kumi. Yule mzee wa kwenye makala za Shudo, aliyekaa akiikumbuka njia yote, hajachorwa na mtu.